Kadi Tano za Baba Mkwe

Sijawahi kutaja jina la baba mkwe wangu, na hapa pia sitalitaja, kwa hiyo msilisubiri. Mimi ni Mchaga wa Rombo niliyeolewa Uarushani, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Siku ya pili tu baada ya harusi, mama mkwe alinikalisha jikoni na kunipa masharti ya nyumba. Mengi nimeshayasahau, mengine nilijifanya sikuyasikia. Lakini hilo la jina alilirudia mpaka nikaona hana utani. Mke wa mtoto halitaji jina la baba wa mumewe, akiwa na hasira au akiwa anasali. Na kama kuna kitu kinachouzwa sokoni chenye jina linalokaribiana nalo, atafute namna nyingine ya kukiomba. Kipo, na ndiyo maana mpaka leo kuna mboga moja ambayo nainunua kwa kunyoosha kidole.

Nilikubali kirahisi. Nani ana shida ya kutaja jina la baba mkwe? Unamwita baba, yanaisha. Sikujua kwamba siku moja ningeajiriwa kutunza mashine ambayo ndani yake kuna chumba kizima kinachoitwa kwa jina hilohilo.

Ushirika wetu wa wakulima upo chini kidogo ya Olmotonyi, ukishuka kuelekea barabara ya Namanga. Tuna ofisi, tuna ghala la kahawa lenye popo wengi kuliko kahawa, tuna chumba cha baridi cha mboga, na tuna seva. Seva yenyewe ilikuwa msaada. Shirika moja la mjini lilihamishia mambo yake yote kwenye mtandao, likabaki na lidude lenye ukubwa wa kabati la nguo la maharusi, na halikujua pa kulitupa. Wakatukumbuka sisi. Lilipofika halikupita mlangoni, ukabomolewa ukuta. Wazee wakaona kitu kilichobomolewa ukuta hakiwezi kupokelewa mikono mitupu, wakachinja mbuzi. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijasikia mahali pengine ambapo seva ilichinjiwa.

Niwaeleze lilivyo, maana bila hivyo hamtanielewa. Ndani lina kadi nane, kila moja pana kama sinia la pilau, na kila kadi ina prosesa zake na memori yake. Kadi hizo unazigawa makundi, na kila kundi linakuwa kompyuta inayojitegemea kabisa, kama familia tatu ndani ya nyumba moja, kila moja na jiko lake. Huku wakiunguza ugali, kule wanaendelea kula. Wenyewe wanaziita patisheni. Mimi huziita vyumba, kwa sababu ndivyo nilivyowaeleza wazee wakaelewa.

Fundi aliyenitangulia, mtu mwenye adabu za kupitiliza, aliwauliza wazee mgawo uweje. Ungeuliza wazee wa Kiarusha namna ya kugawa kitu, wangekujibu nini? Walikigawa kama nyama. Heshima kwanza, kazi baadaye. Kahawa ndiyo iliyoanzisha ushirika, basi chumba cha kahawa kikapewa kadi tano. Tena kikapewa jina la baba mkwe wangu, mwenyekiti wa kamati ya wazee, mtu aliyesimamia kahawa tangu mimi sijazaliwa. Mboga ni mambo ya wanawake, zikapewa kadi mbili. Ofisi ikaambulia moja. Mbuzi akaliwa, watu wakaenda nyumbani wameshiba, na mgawo ukabaki hivyo kwa miaka.

Sasa, kahawa yenyewe iko wapi? Watu wameshaing'oa, wamepanda maharage machanga, yale membamba ya kupelekwa ng'ambo. Wamebaki wazee wachache wanaong'ang'ania mibuni yao kwa mapenzi tu, na wa kwanza kati yao ni baba mkwe. Nilikuwa nikichungulia kazi inayofanyika kwenye chumba chake, nakuta utulivu wa kanisani siku ya Jumanne. Kadi tano zinahema polepole, zinasubiri kahawa isiyokuja. Na jirani yake, chumba cha mboga, kinatokwa jasho.

Kila kreti ya maharage ikiletwa inapimwa, kisha seva inatafuta ni ya nani, imetoka shamba gani, ilipuliziwa dawa gani na lini, ndipo lebo inatoka. Bila lebo huingii chumba cha baridi. Siku ya mavuno wakija akina mama wote kwa mpigo, zile kadi mbili zinaelemewa, na lebo moja inakuja ukishamaliza kusimulia habari za mgonjwa, tangu alipoanza kuumwa mpaka alipopona. Wakati huo kreti ziko barazani, jua linapanda, maharage yanalegea. Dada wa mapokezi ana kipimo chake kimoja. Anachukua haragwe, analikunja. Likivunjika kwa mlio, umepona. Likipinda kama waya, kreti zako zinarudi nyumbani. Na mnunuzi aliweka sharti kwamba ukirudishwa mara tatu ndani ya msimu, unakaa nje mpaka msimu mwingine.

Mama mkwe, ambaye nyumbani sote tunamwita yeyo, alikuwa amesharudishwa mara mbili.

Nataka mwelewe hapo ndipo damu yangu ilipochemka. Boma lile ng'ombe ni wa mzee, kahawa ni ya mzee, nyumba ni ya mzee, hata mbwa anamfuata mzee. Yeyo ana kishamba kimoja, ukanda mwembamba kando ya mfereji, chini ya mibuni, ambapo kahawa ilikataa kuota. Huo ukanda ndio kitu pekee ambacho akikiamulia jambo hakuna anayemuuliza. Mara ya pili waliporudisha kreti zake, alipita mbele ya dirisha la ofisi yangu na mzigo kichwani bila kunitazama. Nilimkimbilia. Akaniambia neno moja tu, "Baba yenu asijue," akaendelea kupanda mlima. Yale maharage yakaliwa na ng'ombe.

Na mimi nilikuwa najua dawa iko wapi. Ilikuwa mle mle ndani ya kabati! Unazima chumba cha kahawa, unatoa kadi nne, unakipa chumba cha mboga, unakiwasha upya, basi. Hufungui hata mfuniko, ni kazi ya kibodi. Kahawa inabaki na kadi moja ambayo hata hiyo haitaimaliza.

Lakini nani atamwambia mzee? Meneja wetu, mtu wa Singida, mpole, alikuwa anamwogopa baba mkwe kuliko wakaguzi. "Wewe ni mtu wa nyumbani," akaniambia, "ongea naye." Mtu wa nyumbani! Mkwe ndiye mtu wa mwisho kubishana na mzee, wewe meneja unaishi nchi gani? Nikamtuma mume wangu. Akasema usijali, nitaongea na baba. Akaenda, wakaongea habari za ndama, akarudi amebeba maziwa.

Mwisho nikapewa nafasi kwenye kikao cha wazee. Nikaeleza vizuri, macho chini, kwa heshima zote. Nikasema kadi zinaweza kusogezwa, hakuna kitakachopotea. Wazee wakamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaikalisha fimbo yake magotini, akasubiri mpaka hata kuku wa nje wakanyamaza.

"Vitu vya mtu hugawanywa akishazikwa," akasema. "Mimi nimezikwa?"

Wakakohoa, wakahamia habari ya bomba la maji. Nilirudi ofisini nimeumuka kama andazi. Lakini nikiri kitu kimoja, yale maneno yalinigusa. Hakuwa anatetea mashine. Marafiki zake wa kahawa walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, na hicho chumba chenye jina lake kilikuwa mahali pa mwisho ambapo kahawa bado ilikuwa mkubwa wa mboga. Nilimwonea huruma, halafu nikakumbuka zile kreti kichwani kwa yeyo, huruma ikaisha.

Nikaanza kusoma upya maelekezo ya mashine, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta njia ya uchochoroni. Nikakuta kitu bora zaidi. Ukitaka kuvunja chumba ili ugawe kadi zake upya, mashine haikubali ubonyeze tu. Inaogopa usije ukakosea, kwa hiyo inakutaka uandike jina la chumba, herufi kwa herufi, ndipo itii.

Nilicheka peke yangu mpaka meneja akachungulia mlangoni.

Ndiyo, najua. Kuandika si kutamka. Hata mchungaji angenipitisha, na yeyo mwenyewe angesema andika, mwanangu, umalize. Lakini nani alisema ni lazima mimi nijue hivyo? Mimi si mgeni, Mchaga wa watu, niliyefundishwa heshima na kuishika kuliko wenyewe?

Jumapili baada ya ibada nikapanda bomani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake anakula loshoro, yale mahindi ya kuchanganya na maziwa ya mgando. Nikainamisha kichwa, akanigusa.

"Takwenya," akasema, salamu ya Kiarusha kwa mwanamke.

"Iko," nikaitikia, nikakaa mbali kidogo. Nikauma maneno, nikajikunakuna, mpaka akauliza nina nini.

"Baba, ile mashine imeniuliza neno ambalo mimi siruhusiwi kulijibu. Inakutaka wewe."

Kijiko kikasimama. "Mimi?"

"Wewe mwenyewe, baba."

"Imesema hivyo?"

"Imeandika."

Na ilikuwa imeandika kweli, sikudanganya hata nukta. Mzee akameza loshoro yake taratibu, akajipangusa midomo. Niliona kabisa jinsi furaha ilivyompanda mpaka kwenye masikio, ingawa alikaza uso. Akasema atakuja. Nikamwomba aje siku ya mavuno, asubuhi jua likishachangamka.

Meneja aliposikia siku alishika kichwa. "Siku ya mavuno? Watu wamejaa? Ukizima chumba cha mboga kukiongezea kadi, hakuna lebo mpaka kiamke. Si tufanye siku hakuna watu?"

"Nataka watu," nikamwambia.

"Na maharage yakiharibika?"

Aliuliza la haki. Lile lidude ni zee, likizimwa linaamka kama mtu wa baridi yabisi, linajikagua kiungo kimoja kimoja. Na siku hiyo yeyo naye angekuwa barazani na kreti zake, kurudishwa kwa tatu kukimnyemelea. Kama lingechelewa sana, mimi mwenyewe ndiye ningekuwa nimemmaliza. Nilikuwa nacheza kamari na kitu kisicho changu, na nilijua. Lakini nilishaona kwamba mzee hataelewa kwa kuelezwa. Ilibidi aone.

Akaja. Alivaa kofia ya pama, koti la kikao, na shuka nyekundu begani. Chumba cha seva kina baridi, akatazama juu, akasema panamkumbusha msituni. Akavua kofia mbele ya mashine, jamani, nikatamani nisingekuwa na mpango wowote. Nikamwekea kiti. Meneja akasimama nyuma kama mlinzi.

Skrini ilikuwa imeandika kwa Kiingereza, nikamsomea kwa Kiswahili: ili kuvunja chumba hiki, andika jina lake kamili.

"Jina la nani?" akauliza.

Nikageuza uso kutazama ukuta. "Baba, si unajua ninavyoishi na jina hilo."

"Si uandike tu," meneja akadakia, "kwani kuandika ni ku..."

Nikamkanyaga mguu, lakini nilichelewa, mzee alishamgeukia. "Wewe! Huyu ni mkwe wangu. Kwenu wanatajana hovyo?" Meneja akaomba radhi. Mzee akanitazama kwa upendo ambao sijawahi kuupata tangu niolewe. "Umefundishwa vizuri," akasema. Nikainamisha kichwa zaidi, nikijibana nisicheke.

Kisha akakunja uso. "Umesema kuvunja. Kuvunja nini?"

Hapo ningeweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikamwambia ni kurekebisha tu, baba, andika. Angeandika. Lakini mzee aliyenisifia adabu sasa hivi, nitamfanyia hivyo? Nikamwambia ukweli wote. Kwamba akiandika, kadi nne zitamtoka ziende kwenye maharage, na atabaki na moja.

Akasimama wima. "Kwa hiyo umeniita nijinyang'anye mwenyewe?"

"Mimi siwezi kukunyang'anya, baba. Ndiyo maana nimekuita."

Nilidhani ataniinulia fimbo. Alihema kwa pua. Meneja alishafika karibu na mlango. Nikasema, "Basi, baba, tuache. Nikusindikize," nikafungua mlango wa pili, ule unaotokea barazani.

Ungeona mlolongo ule! Akina mama walipanga kreti kutoka kwenye mizani mpaka karibu na lango, jua limeshawafikia. Wengine wamefunika kwa viroba vilivyolowanishwa, wengine kwa majani ya migomba. Mashine ya lebo inatoa kitu kimoja, inapumzika. Na katikati ya mstari, yeyo, amekaa chini, kanga aliyojitanda ameivua na kuifunika kreti.

Mzee akasimama. "Mama, unafanya nini hapa? Si ulitoka alfajiri?"

"Nilitoka."

"Na bado hujapimwa?"

Yeyo akatazama mizani. Jirani yake kwenye foleni, mwanamke asiye na breki mdomoni, ndiye aliyejibu. "Mzee, mwombee mkeo. Yake yakirudishwa leo ni mara ya tatu. Msimu ndiyo kwaheri."

Yeyo alimkata jicho, lakini neno lilishatoka.

"Mara ya tatu?" Mzee akamgeukia yeyo. "Ya kwanza na ya pili zilikuwa lini? Yale maharage yalikwenda wapi?"

"Waliyala ng'ombe," yeyo akasema. "Wewe ukanywa maziwa."

Wanawake wakacheka, wakaziba midomo. Mzee hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeitisha kikao."

Kama kuna siku nimempenda mama mkwe wangu ni ile. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, huku akirekebisha kanga juu ya kreti. Mzee alitazama mstari mzima, kutoka mwanzo mpaka langoni. Wake wa marafiki zake wote walikuwa pale, na wajane wa wale waliokwisha kuondoka.

"Mashine inachelewa kwa nini?" akaniuliza.

"Kadi za hapa ni mbili, baba."

"Na zangu?"

"Tano."

"Zinafanya nini saa hizi?"

"Zimepumzika, baba."

Akageuka, akarudi ndani peke yake. Nilimfuata mbio.

Alikaa kwenye kiti, akanyoosha kidole kimoja, cha shahada, akaanza kutafuta herufi. Mimi nikatazama ukuta kama inavyonipasa, nikisikia kibodi ikilia, tap, kimya kirefu, tap. Akamaliza. Mashine ikakataa. Nikachungulia kwa jicho moja. Mungu wangu! Kwa kuwa iliomba jina kamili, mzee aliandika kila kitu: Mzee, jina la ubatizo, jina lake, jina la baba yake, na mwisho, Mwenyekiti.

"Hainijui?" akasema, na uso ukamshuka.

Na mimi siwezi kumwambia aandike nini! Meneja akafungua mdomo alitamke, nikamkanyaga mguu uleule. Nikafikiri. "Baba," nikasema, "mashine haijui kanisa wala kamati. Inalijua lile moja tu, ulilopewa na baba yako ukiwa mdogo."

Akaitikia kwa kichwa. Akafuta yote, akaanza upya, taratibu zaidi. Alipofika herufi ya mwisho alilitazama jina hilo kwa muda mrefu, likiwa peke yake pale kwenye skrini bila cheo chochote. Nilitaka kumwambia aache, kweli kabisa. Kisha akabonyeza.

Feni za chumba chake zikashuka sauti mpaka zikanyamaza. Nikakaa mimi kwenye kiti. Nikazitoa kadi nne, nikaziandikisha kwa mboga, nikakizima chumba cha mboga ili kikiamka kizitambue. Barazani ile mashine ya lebo ikakata kabisa. Akina mama wakapiga kelele ambayo naisikia mpaka leo.

Kilichofuata sikitaki tena maishani. Lidude lilianza kujikagua. Kadi ya kwanza, sawa. Inafikiri. Kadi ya pili, sawa. Inafikiri tena. Nje jua linapanda, mtu analiita jina langu na kulifuatanisha na ukoo wangu wote wa Rombo. Meneja ananiangalia bila kusema nilikuambia, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kusema. Nilimwona yeyo kichwani mwangu akipanda mlima na mzigo, na safari hii mwenye kumtwisha ni mimi. Nikasali, mimi ambaye kanisani huwa nahesabu taa.

Nikanyanyua macho, mzee hayupo. Nikachungulia kupitia dirisha.

Alikuwa bombani. Alivua shuka yake nyekundu, ile ya sherehe, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaikamua kidogo, akaenda kuifunika juu ya kreti za yeyo. Kisha akavua koti la kikao, akalishika kwa mikono miwili juu ya kreti za yule jirani asiye na breki, kumkinga na jua. Mwenyekiti wa kamati ya wazee, amebaki na shati, amesimama na koti lililotandazwa kama anaanika. Yeyo anatazama chini, mabega yanamcheza, na sikujua kama analia au anacheka.

Nyuma yangu skrini ikasema kadi ya sita, sawa. Chumba cha mboga kikafunguka. Na kutoka barazani nikasikia mashine ya lebo ikikohoa, kisha ikaanza kutapika: trrr, trrr, trrr, lebo juu ya lebo, dada wa mapokezi anapiga ukunga kwamba hana mikono ya kutosha. Nilikimbia nje.

Zamu ya yeyo ilifika kabla hajamaliza kujifunga kanga. Dada akaondoa ile shuka iliyolowa, akachukua haragwe kutoka chini kabisa ya kreti, mchawi yule, akalikunja. Likavunjika, na mlio wake ukasikika mpaka kwa meneja. Akachukua la pili, likavunjika. Akabandika lebo. Kreti za yeyo zikaingia chumba cha baridi, zote, na mimi nikakaa chini pale pale kwenye sakafu.

Mzee aliikamua shuka yake, akaitundika begani ikiwa inatiririka, akavaa kofia, akaondoka. Kikao kilichofuata aliwatangazia wenzake kwamba ameamua kuipanga upya mashine. Ameamua yeye, baada ya kuitafakari kwa muda mrefu. Wazee wakampongeza kwa hekima. Mimi nilikula buyu, nikawamiminia chai.

Nilidhani habari imeishia hapo. Jumamosi yake nikawa bomani namsaidia yeyo kuchambua mbegu. Mzee akatokea zizini na fimbo yake, akatupita, akashuka kwenye kahawa. Akatembea kati ya mibuni yake, akiigusagusa, ile mibuni aliyowanyima hata wanawe. Akashuka mpaka kwenye mstari wa masale uliokuwa mpaka wa kishamba cha yeyo, akageuka, akapanda tena mteremko mpaka katikati kabisa ya kahawa, mahali penye udongo mzuri, akaichomeka fimbo ardhini.

"Mama," akaita. "Kutoka hapa mpaka mfereji, ni pako."

Yeyo alisimama, mbegu zikamwagika kutoka mapajani. "Na kahawa?"

"Ng'oa."

Akaiacha fimbo pale pale kama alama, akarudi zizini bila kututazama, anasema na ng'ombe kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Yeyo alibaki amesimama. Machozi yalimtoka, hakuyafuta, na mimi nikaanza kulia kwa sababu sijui kumwona mtu analia nikaacha. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akipewa kitu ambacho hakukiomba.

Kisha akafunga kanga kiunoni, akaniambia nikalete sululu na panga upesi, tena nikimbie, kabla mzee hajabadili mawazo. Mpaka jioni tulikuwa tumeshusha mibuni minne, na ya tano tumeichimba nusu. Mibuni ya zamani ina mizizi migumu, jamani, malengelenge yalinitoka viganja vyote viwili, na sikulalamika hata kidogo.